Kidole Kimoja Upande wa Kushoto

Habari ya kifo cha Nasoro ilinikuta kazini kwenye duka la vipuri, nikimtafutia dereva mmoja bushi za springi. Aliyepiga simu alikuwa Kikoti, fundi aliyefanya naye kazi Iringa miaka yote hii, mtu ambaye nilikuwa sijawahi kumtia machoni. "Ndugu Lusajo," alisema, "mwenzetu ametangulia. Figo. Tumeshamzika jana, si unajua wenzetu hawakawii. Hitima ni Jumapili." Nilitikisa kichwa kana kwamba ananiona. Dereva aliondoka na bushi zisizo zake, akarudi baadaye akinitukana, nikambadilishia. Jioni nilipiga magoti chumbani nikavuta kutoka chini ya kitanda fimbo ya chuma iliyoviringishwa kwenye kiroba. Imekaa pale tangu mwaka ule. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni ya nini, kwa kuwa hakuna anayeingia chumbani mwangu. Niliipangusa vumbi, nikazungusha nati zake mbili kwa vidole, zikaenda laini kama zimepakwa siagi. Ni kitu pekee nilichowahi kukitengeneza nikakiona hakina kasoro, na hakijawahi kufungwa kwenye gari lolote.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilijifunza ufundi kwenye simu. Nilitazama video za watu wa nchi za mbali wakishusha magari ili yakae karibu na ardhi, nikizima sauti kwa sababu lugha zao sikuzielewa, nikifuata mikono yao tu: wanashika nini, wanaanza na nini, wanarudia nini. Nasoro ndiye aliyekuwa na gari, saluni ya Kijapani ya zamani, rangi ya maziwa yaliyokaa. Yeye alikuwa na gari na mdomo, mimi nilikuwa na mikono na hofu. Tulifanyia kazi uani kwa mama yake, Bi Zuhura, juu kidogo ya mji wa Mbeya, pale mlima unapoanza kupanda kwa dhati. Kwetu kule kiwanja kisicho na mteremko hakuna. Nyumba zina msingi mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili, na kila gari linaloegeshwa linawekewa jiwe nyuma ya tairi, hata kama dereva anaingia dukani kununua kiberiti tu. Tulikuwa tumezoea kiasi kwamba hatukuuona tena huo mteremko. Bi Zuhura akituletea wali na maharage ya nazi, tuliinua sahani upande mmoja kwa kijiwe kabla ya kunawa, ili mchuzi usikimbilie ukingoni. Mkono ulikitafuta kile kijiwe wenyewe, bila kuulizwa.

Naomba nieleze jambo lenyewe, maana maisha yangu yamekaa juu yake. Magari kama lile yana ekseli moja nzima ya nyuma, chuma kimoja kutoka tairi hadi tairi, kinachoning'inia chini ya bodi kwenye springi. Kinachoizuia isiende kushoto wala kulia ni fimbo moja iliyolala kimshazari: kichwa chake kimefungwa juu kwenye bodi upande wa kulia, mguu wake uko chini kwenye ekseli upande wa kushoto. Fikiria ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ukikishusha kichwa cha ngazi, mguu unateleza kwenda mbali na ukuta. Ndivyo inavyokuwa ukiweka springi fupi. Bodi inashuka, fimbo inalala, na ekseli nzima inasukumwa kushoto. Gari linapendeza kwa mbele, lakini ukilitazama kwa nyuma tairi la kushoto limechungulia nje na la kulia limejificha ndani. Vijana wengi waliliacha hivyo hivyo. Mimi nilipoliona la Nasoro limekaa hivyo sikuweza kuliacha.

Dawa yake si ngumu. Unaikata fimbo katikati, unachomelea kipande chenye nyuzi kama za bolti na nati mbili za kukazia, ili uweze kuifupisha na kuirudisha ekseli katikati. Nilifanya hivyo. Niliazima timazi kwa fundi mwashi wa jirani, nikaifunga kwenye ukingo wa madgadi, ule upindo wa bodi juu ya tairi, nikaacha uzi uning'inie, nikapima nafasi kati ya uzi na tairi, kushoto na kulia. Nikazungusha nati, nikapima, nikazungusha tena. Nasoro alikaa juu ya ndoo akila parachichi kwa kijiko. "Daktari wa difu," aliniita, difu ikiwa ndiyo hiyo ekseli ya nyuma. "Mgonjwa atapona au tumuite mchungaji?" Nikamwambia bado unywele. "Unywele wa nani? Wa kwangu au wa mbuzi?" Bi Zuhura aliyekuwa akichambua mchele barazani alicheka hadi ungo ukamtetemeka. Lakini siku hiyohiyo, nikiwa nimelala chini ya gari wao wakidhani nimetoka, nilimsikia akimwambia jirani yake kupitia ukuta: "Yule mtoto wa watu nampenda, ila ana wasiwasi. Akifunga mlango anarudi kuufunga. Mtu wa namna ile anachosha moyo wake na wa wenziwe." Jirani akajibu, "Muoze, atatulia." Nililala pale nimeshika spana, nikitazama fimbo yangu, nikajiambia kwamba siku ekseli itakapokaa katikati kabisa nitakuwa mtu mwingine.

Na kulikuwa na jambo kubwa kuliko gari. Mjomba wake Nasoro, Mzee Hamadi, alikuwa na banda Mlandege, mjini Iringa, lenye sakafu ya saruji na mlango wa bati, lililokaa tupu tangu mpangaji wake alipohama. Nasoro alimwomba atuachie tufungue gereji yetu. Mzee alijibu kwenye simu, sauti imewekwa wazi, sisi watatu tumeizunguka kama tunaota moto. "Magari yaliyolala chini kama mjusi ni ya wahuni," alisema. "Lakini mimi sihukumu nisichokiona. Njooni nalo hilo mlilolishusha. Kutoka Mbeya mpaka mlangoni kwangu. Likifika bila kulia, banda ni lenu." Nasoro aliruka akagonga kichwa kwenye fremu ya dirisha. Mimi nilirudi chini ya gari kupima upya. Sikuwa na mahali pengine pa kwenda duniani. Nililala kwenye godoro la shangazi yangu aliyekuwa akihesabu miezi niondoke, na kila gereji ya mjini niliyoomba kazi walinirudisha kwa maneno yaleyale: kijana anajua, lakini hamalizi. Lile banda ndilo pekee lililokuwa limeachwa wazi mbele yangu.

Nikaimaliza. Asubuhi moja uzi ulining'inia sawa kushoto na kulia, sawa kabisa, nikapima mara nyingi hadi Nasoro akaninyang'anya futi. Hapo nikafanya kosa ambalo fundi aliyefundishwa na mtu asingelifanya. Niliogopa kwamba nati zitalegea njiani. Niliogopa kwamba nitaamka nizizungushe tena. Nikawasha mashine nikazichomelea zote mbili, zisizunguke milele. Nilijua kwamba kitu kilichokamilika hakihitaji kurekebishwa. Nilikumbuka kuvaa miwani, nilikumbuka kufunika tangi la mafuta, nilikumbuka kila kitu isipokuwa kutazama ardhi niliyokuwa nimesimama juu yake.

Tuliondoka Mbeya kukiwa na ukungu. Bi Zuhura alitupakia chapati kwenye hotipoti na akatoa amri moja: "Mnapita Rujewa. Hamwendi kwa mjomba mikono mitupu. Mtu apite Usangu afike na nini, maneno? Mchukulie gunia la mchele kwa Mama Neema mashineni, nimeshaongea naye." Tulishuka Uyole, tukapita Igurusi na Chimala, milima ikatuacha mkono wa kulia, na gari lilikwenda kwa ukimya ambao sijawahi kuusikia tena. Nasoro aliimba. Mimi nilisikiliza upande wa kushoto wa nyuma, kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto mwenye kikohozi. "Tabasamu basi," alisema. "Unakuwa kama tumebeba maiti." Nikatabasamu. Nakumbuka kwamba kwa kitambo kifupi, baada ya Chimala, sikuogopa kitu.

Mashine ya Mama Neema ilikuwa na uwanja mkubwa wa saruji wa kuanikia mpunga, umetandazwa kama shuka. Vijana wawili walitupa gunia kwenye buti, gari likainama nyuma. Tulipotoka tukavuka tuta dogo juu ya mfereji wa maji, na hapo likalia. Sauti ya mpira ukikwangua bati, krrr, kushoto. Nasoro alisimamisha. Tukarudi nyuma taratibu hadi juu ya saruji, krrr tena, na harufu ya mpira ulioungua ikatufuata.

Mama Neema, mwanamke mnene mwenye pumba za mpunga kwenye kope, alitazama nyuso zetu akasema, "Gari halikimbii. Kuleni kwanza, wanangu." Akatuletea wali na mlenda na mchuzi wa samaki wa bwawani, akatuwekea sahani chini palepale kwenye saruji. Nilinawa, na mkono wangu ukaenda pembeni kutafuta kijiwe. Ukapapasa. Nasoro naye alikuwa akipapasa. Kisha nikatazama sahani. Mchuzi ulikuwa umetulia katikati, umeenea sawa pande zote, haukimbilii popote. Nilibaki na tonge mkononi. Nadhani nilielewa kabla sijajua nimeelewa nini, kwa sababu machozi yalianza kabla ya wazo. Timazi haikunidanganya. Uzi wake ulisimama wima kweli. Lakini kule uani Mbeya gari lilikuwa limesimama kwenye mteremko, bodi imeegemea bondeni, na mimi nikaipima ekseli kana kwamba dunia yote ni tambarare. Niliinuka nikaitoa timazi niliyokuja nayo, nikaifunga kwenye madgadi pale penye saruji. Kulia palikuwa na nafasi kubwa. Kushoto uzi uligusa tairi. Ekseli yangu iliyokamilika ilikuwa imekaa kidole kimoja upande wa kushoto, na mzigo ulipoilaza fimbo zaidi, ikasogea hadi kwenye bati.

"Zungusha basi," alisema Nasoro. "Si ndiyo kazi ya nati?"

"Nimezichomelea."

"Umefanya nini?"

"Nimezichomelea, Nasoro."

Alikaa chini juu ya saruji. Kisha akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli, hakikuwa na ubaya ndani yake. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi nikikumbuka, kuliko mabishano yaliyofuata. "Mnyakyusa mzima umeogopa nati mpaka umeizika hai!" Akasema tutafute mtu Rujewa mwenye mashine ya kukatia. Nikamwambia moto umeharibu nyuzi; tukikata, nati haitashika, na siwezi kumpeleka mtu barabara kuu na fimbo ya namna hiyo. Hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa lote. Akasema basi tushushe mchele. Tukiwa wawili tu tumekaa mbele halitalia. Tukajaribu. Halikulia. Tulivuka tuta mara kadhaa, kimya. "Umeona?" alisema. "Twende. Mchele nitaufuata wiki ijayo. Mjomba amesema lisilie, hajasema lipimwe."

"Limepinda."

"Kidole, Lusajo! Kidole kimoja! Nani ataona?"

"Mimi."

"Basi wewe funga macho."

Sikuweza. Wasomaji wanaoishi vizuri na nafsi zao wataniona mpumbavu, na ni haki yao. Nilijaribu kujiwazia nimesimama mbele ya Mzee Hamadi, ananipa mkono, ananisifu, na nyuma yake gari limechungulia tairi moja nje kama jicho lenye makengeza. Nikasema turudi Mbeya, nianze upya, wiki mbili tu, nipate sehemu tambarare nipime tena. Nasoro aliponijibu hakupaza sauti. "Mjomba anatungoja leo. Mama amempigia kwamba tuko njiani. Mimi siwezi kumwambia mtu mzima kwamba nimerudi nyumbani kwa sababu ya kidole." Aliinuka, akaniwekea mkono begani. "Panda, bwana." Nikatikisa kichwa. "Panda, Lusajo. Nakuomba." Mtu aliniomba, na sikupanda. Alivuka tuta, gari likapanda na kushuka bila sauti, na nikaliona kwa nyuma likienda Iringa, limeelemea kushoto kidogo, kama mtu aliyebeba ndoo moja.

Nilibaki mimi na gunia la mchele. Mama Neema alinipa mkeka nikae kivulini, akawa anapita na kurudi na reki yake ya mbao akigeuza mpunga. Nilimsikia akimwambia mmoja wa wale vijana, "Huyu kaachwa?" Kijana akajibu, "Hapana, kajiacha." Jioni lori la kwenda Mbeya lilinichukua, mimi na gunia, na Bi Zuhura akatufungulia mlango. Alinisaidia kuliburuta gunia hadi jikoni, akaniwekea chai.

Nasoro alipiga siku iliyofuata. Banda lilikuwa letu. Nilimsikia mzee nyuma yake akiuliza, "Na fundi yuko wapi?" na Nasoro akijibu, "Amebaki Rujewa." Kisha mzee: "Mwambie aje. Kuna sehemu ya watu wawili." Nikasema nitakuja nikimaliza fimbo mpya, nisije mikono mitupu. Niliiamini sentensi hiyo nilipoisema. Nikatengeneza fimbo ya kwanza. Welding yake ilikuwa na uvimbe. Nikatengeneza nyingine, tundu la bushi lilikuwa pana. Mvua zilianza, shangazi akanihamishia godoro stoo, kati ya debe la mahindi na baiskeli mbovu, na nikawa nalala nikiwa nimeikumbatia kazi iliyokuwa mkononi kwa sababu hapakuwa na pa kuiweka. Nasoro alipiga kila wiki, halafu kila baada ya muda. "Umefika wapi?" "Bado unywele." Mwanzoni alicheka. Kisha akawa anasema tu, "Haya." Siku moja akaniambia amempata kijana Mhehe anaitwa Kikoti, anajua kazi, ni mtulivu, na kwamba nafasi yangu bado ipo. Nilijua haipo. Mwaka ulipokuwa unaisha nilimaliza fimbo hii ya chini ya kitanda, iliyo sahihi kila upande, na nikagundua kwamba simu imeacha kuita. Ningeweza kupiga mimi. Kila nilipoishika nilipanga maneno, na maneno nayo hayakukaa sawa.

Jumapili ya hitima nilifika Mlandege nimeshika kiroba mkononi. Sijui nilitarajia nini. Dua ilikuwa imekwisha, wanaume wamekaa kwenye mikeka wakila pilau, harufu ya karafuu imejaa hadi barabarani. Kikoti, mfupi, mwenye mvi kabla ya wakati wake, alinitambua bila kuambiwa, pengine kwa vile nilivyosimama. Na gari lilikuwa pale, mbele ya banda, rangi ya maziwa yaliyokaa. Niliomba radhi, nikapiga magoti nyuma yake kwenye suruali yangu ya heshima. Kidole kimoja upande wa kushoto. Niliinama zaidi nikaiona fimbo yangu, na nati mbili, na uvimbe wa welding wa mikono yangu ukiwa umeshikana kwa kutu. Kisha nikainua macho kwenye ukingo wa madgadi. Ulikuwa umekunjwa kwa ndani, wote, umelazwa taratibu, alama za nyundo zikionekana chini ya rangi.

"Huo marehemu aliugonga siku ya kwanza alipofika," alisema Kikoti juu yangu. "Kipande cha ubao na nyundo, tairi likapata nafasi. Haikuchukua muda hata wa chai kupoa. Nilipokuja kuanza kazi nikamwambia tubadili fimbo, akakataa. Alisema mwenye kazi yake atakuja kuimalizia, kwa sasa acha gari litembee." Akagusa buti kwa kiganja. "Limetembea sana. Ndilo tulilompeleka nalo hospitali, kila mara."

Mzee Hamadi alikuja polepole na fimbo yake ya kutembelea, macho yameingia ukungu. Akaniuliza jina, nikamtajia. "Wewe ndiye fundi uliyebaki Rujewa," alisema. Hakikuwa kisirani; alikuwa ananiweka mahali pangu tu, kama mtu anavyokumbuka kituo. Akakigusa kiroba kwa ncha ya fimbo yake. "Umebeba nini, baba?"

"Chuma tu, mzee."

"Aa. Haya. Kaa ule."

Mabibi wanne wenye baibui walitoka ndani wakisaidiana, wakaanza kuingia kiti cha nyuma cha gari lile. Bi Zuhura alikuwa mmoja wao. Aliniona, akanyoosha mkono dirishani, nikaushika, ukaniponyoka Kikoti alipoliondoa gari. Bodi ilikuwa imeshuka hadi tairi la kushoto limemezwa. Mbele ya lango pana tuta. Nilifumba macho nikasikiliza upande ule, nikibana kiroba kifuani, nikilingoja lilie hata kidogo, mara moja tu, ili niwe na sababu ya kuwa pale. Lilipanda, likashuka, likaingia barabarani. Halikulia.